Mwongozo Kamili: Kutunga Tawi la Maji kwa Mchawi wa Damu Katika Dungeons & Dragons

Katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, mchawi hupata uwezo wake kutoka kwenye tawi, yaani asili ya uchawi wake. Matawi ya maji yanayotungwa na wachezaji wenyewe hufa kwa njia mbili zilezile. Njia ya kwanza ni moto uliopakwa rangi ya buluu: kila uwezo unaumiza, ila badala ya kuunguza unagandisha. Njia ya pili ni tawi linalong'aa baharini tu. Mchezaji anafurahia safari ya meli kwa vikao viwili, kisha kundi linaingia kwenye handaki kavu na mhusika wake anabaki mtu wa kawaida mwenye mapezi.

Dawa ya yote mawili ni moja. Maji ndani ya mchezo huu ni nguvu ya kuhamisha: yanasukuma, yanavuta, yanapenya, yanabeba. Ukilitunga tawi juu ya msingi huo litafanya kazi jangwani na kisimani, na halitashindana na moto kwenye uwanja ambao moto umeshashinda.

Mwongozo huu unahusu toleo la tano la Dungeons & Dragons, la kanuni za 2014 na za 2024. Mchawi wa damu ni yule aliyezaliwa na uchawi mwilini bila kuusoma vitabuni. Tabano ni uchawi mmoja mmoja anaoutoa. Tawi ni asili ya uchawi wake, yaani chanzo kinachompa uwezo wa ziada anapopanda ngazi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kanuni. Hati ya SRD (System Reference Document, hati ya bure ya kanuni za msingi) inatosha. SRD 5.1 ina kanuni za 2014 na imekuwa chini ya leseni ya Creative Commons tangu 2023. SRD 5.2, ya 2025, ina kanuni za 2024.
- Tawi la joka. Ndilo tawi pekee la mchawi huyu lililomo ndani ya SRD, na ndiyo mizani yako. Kila uwezo utakaoandika utauweka kando ya uwezo wa joka wa ngazi hiyohiyo.
- Karatasi ya miraba, kila mraba ukiwa futi 5, na vipande sita hivi vya kuwakilisha viumbe.
- Seti moja ya dadu, kuanzia ya pande 4 hadi ya pande 20.
- Sarafu moja, au kitu chochote chenye pande mbili zinazotofautiana. Sababu yake itaonekana Hatua ya 5.
- Saa ya kupimia zamu.
- Wachezaji wawili au watatu, angalau mmoja awe mtu wa kutafuta mianya. Usimkwepe huyo. Ndiye atakayekuokoa.

## Hatua ya 1: Chagua maji ya aina gani

Andika sentensi moja inayosema maji haya hufanya nini kwa kiumbe mwingine. Usieleze yanavyoonekana. "Nguvu ya kina cha bahari" haikusaidii kuandika kanuni. "Maji yanayokwenda na kurudi, yakimsogeza kila anayesimama karibu" inakusaidia, kwa sababu ndani yake kuna vitenzi viwili unavyoweza kuvigeuza kuwa futi na miraba.

Mfano wa mwongozo huu utafuata sentensi hiyo ya pili, na tawi tutaliita Damu ya Mkondo.

Onyo: usichanganye mvua, barafu, ukungu, mto na bahari katika tawi moja. Una nafasi nne tu za uwezo. Barafu na ukungu yaachie matabano.

Utajua umefaulu pale mtu asiyejua tawi lako atakaposoma sentensi hiyo na kukisia uwezo wa kwanza bila kuambiwa.

## Hatua ya 2: Pima mifupa ya mhusika

Tawi la mchawi wa damu hutoa uwezo ngazi za 1, 6, 14 na 18 katika kanuni za 2014, na ngazi za 3, 6, 14 na 18 katika kanuni za 2024. Amua unaandikia zipi sasa hivi. Ukiandikia za 2014, fanya uwezo wa kwanza kuwa mwembamba, kwa kuwa mpiganaji anaweza kuchukua ngazi moja tu ya uchawi na kuondoka nao. Kanuni za 2024 zimeufunga mlango huo kwa kiasi kikubwa.

Kisha hesabu akiba. Pointi za uchawi huanza ngazi ya 2 na ni sawa na ngazi ya mchawi: ngazi ya 6 ana pointi 6. Nafasi ya tabano ni ruhusa ya kutoa tabano moja, nayo ina ngazi yake, tofauti na ngazi ya mchawi. Kununua nafasi ya tabano ya ngazi ya 1 hugharimu pointi 2, na ya ngazi ya 5 pointi 7. Mchawi wa ngazi ya 3 ana nafasi 6 za matabano kwa siku (nne za ngazi ya 1, mbili za ngazi ya 2). Ngazi ya 5 anazo 9.

Namba hizo ndizo zinazokuambia uwezo wako utatumika mara ngapi. Anayeziruka hujikuta ameandika uwezo wa ngazi ya 6 unaokula pointi 4, na mchezaji anautumia mara moja kwa siku kisha anausahau.

## Hatua ya 3: Tatua swali la madhara

Mchezo una aina 13 za madhara, na maji hayamo. Una njia mbili za halali: kupondwa kwa uzito wa maji, na baridi. Usibuni aina ya 14. Hakuna kiumbe aliyeandikiwa ukinzani (kupata nusu tu ya madhara) au udhaifu dhidi yake, hivyo itapenya kila kitu.

Kupondwa kunakotokana na uchawi kuna nguvu kuliko watu wanavyodhani. Katika kanuni za 2014 viumbe wengi wana ukinzani dhidi ya kupondwa na silaha zisizo za uchawi tu, kwa hiyo maji yako hayazuiwi. Ndiyo maana dadu zake ziwe chache. Baridi, kwa upande mwingine, hukinzwa na viumbe wengi.

Na usishindane na Fireball. Tabano hilo la ngazi ya 3 hurusha dadu 8 za pande 6, wastani 28, kwa kila aliyemo ndani ya futi 20 kutoka kitovu chake. Mchawi wako anaweza kulichagua akitaka, kwani limo kwenye orodha ya wachawi wa damu wote. Hakuna haja ya tawi kumpa jingine.

### Kuzamisha: usiliguse

Hapa ndipo matawi mengi huvunjika, na inafaa kueleza sababu kikamilifu.

Kwa kanuni za 2014, kiumbe huweza kuzuia pumzi kwa dakika 1 pamoja na dakika moja kwa kila pointi ya kirekebishi chake (namba inayoongezwa kwenye mrusho wa dadu) cha uimara wa mwili. Mwenye +2 anazuia dakika 3. Raundi moja ni sekunde 6, kwa hiyo hizo ni raundi 30, na mapambano mengi humalizika kabla ya raundi ya 6. Ukifuata kanuni, uwezo wa kuzamisha hauui mtu. Ukizikiuka na kusema maji yanajaa mapafuni papo hapo, umeandika kifo kwa mrusho mmoja, na msimamizi wa mchezo atakitumia dhidi ya wachezaji pia.

Kuna pia anayetaka kutumia Create or Destroy Water ndani ya kifua cha adui. Tabano hilo huweka galoni 10 za maji, kama lita 38, ndani ya chombo kilicho wazi. Pafu si chombo kilicho wazi. Andika hivyo kwenye tawi lako, ubishi uishe kabla haujaanza.

## Hatua ya 4: Panga orodha ya matabano

Mtindo wa 2024 hulipa tawi matabano 10: manne ngazi ya 3, kisha mawili mawili ngazi za 5, 7 na 9. Hayahesabiwi ndani ya idadi ambayo mchawi anaruhusiwa kuandaa, ndiyo maana yana thamani.

Orodha ya Damu ya Mkondo:

- Ngazi ya 3: Create or Destroy Water (kuumba maji), Fog Cloud (ukungu), Lesser Restoration (kusafisha sumu na upofu), Misty Step (kutoweka na kutokea futi 30 mbele)
- Ngazi ya 5: Sleet Storm (tufani ya theluji na utelezi), Water Breathing (kupumua majini)
- Ngazi ya 7: Control Water (kuamuru maji), Freedom of Movement (kutozuilika)
- Ngazi ya 9: Cone of Cold (baridi kali kwa umbo la pia), Conjure Elemental (kuita kiumbe wa asili)

Sababu ya kwanza ya mpangilio huu ni umakini. Matabano mengi ya maji yanahitaji mchawi ashikilie umakini, na umakini hushika tabano moja tu kwa wakati. Ukijaza orodha hayo tu, umempa vitu 10 anavyoweza kutumia kimoja. Hapo juu yanayohitaji umakini ni manne: Fog Cloud, Sleet Storm, Control Water na Conjure Elemental. Yasizidi nusu.

Sababu ya pili ni ukavu. Control Water bila maji ya kuamuru ni karatasi tupu, kwa hiyo limewekwa kando ya Freedom of Movement, linalofaa popote. Kila tabano linalohitaji ziwa lipe jirani lisilolihitaji.

## Hatua ya 5: Andika uwezo wa kwanza

Huu ndio moyo wa tawi, na utatumika kila kikao. Upe muda mwingi kuliko hatua nyingine zote.

Sehemu ndogo kwanza: mchawi anapumua majini na ana mwendo wa kuogelea sawa na wa kutembea. Hiyo haina uzito mkubwa kwenye mizani, ila inamwondolea adhabu ya mwendo majini na ile ya kushambulia kwa karibu bila mwendo wa kuogelea. Itoe bila masharti.

Sehemu kubwa ni hii, ikiwa imeandikwa kama itakavyosomwa mezani:

> Kujaa na Kupwa. Mara moja katika zamu yako, unapotoa tabano kwa kutumia nafasi ya ngazi ya 1 au zaidi, unaweza kuchagua kiumbe mmoja unayemwona ndani ya futi 30, ambaye ukubwa wake hauzidi daraja la Large (kubwa, kama farasi). Kiumbe huyo hufanya mrusho wa Nguvu wa kujiokoa dhidi ya kiwango cha ugumu cha matabano yako. Akishindwa, anasogezwa futi 10 kwa mstari ulionyooka: mbali nawe kama maji yamejaa, kukuelekea kama yamekupwa. Anayeridhia anaweza kuchagua kushindwa. Baada ya mrusho, uwe umefaulu au la, maji hubadilika. Kila pambano huanza maji yakiwa yamejaa. Maji haya hutoka mwilini mwako na kutoweka mwisho wa zamu bila kulowesha kitu.

Kila kishazi kina kazi yake.

"Katika zamu yako." Ukiandika "mara moja kwa zamu" pekee, mchezaji atatoa Shield (tabano la kujikinga) kama tendo la kujibu katika zamu ya adui, na atamsukuma kila anayemgusa. Hapo uwezo wa kushambulia umegeuka ngome.

"Nafasi ya ngazi ya 1 au zaidi." Matabano madogo hayana gharama. Ukiyaruhusu, Ray of Frost (mwale wa baridi) itapunguza mwendo wa adui kwa futi 10 na kumsukuma futi 10 nyingine, kila raundi, bure. Adui wa silaha za mkononi hatafika.

"Maji hubadilika." Bila kupokezana huku, mchezaji atasukuma daima na hatavuta kamwe. Kujaa na kupwa kunamlazimisha apange zamu mbili mbele, na hapo ndipo tawi linapopata ladha. Sarafu ni ya kazi hii: uso mmoja kujaa, wa pili kupwa, na ikae mbele ya mchezaji. Bila sarafu, kila mtu husahau ifikapo raundi ya tatu.

"Anayeridhia." Kusogezwa na nguvu ya mwingine hakumpi adui nafasi ya kupiga anayeondoka. Mchawi anaweza basi kumtoa mwenzake kwenye mzingiro kwa futi 10. Acha iwe hivyo. Ni matumizi mazuri ya nafasi ya tabano, na wachezaji huyapenda kuliko kusukuma.

"Kutoweka." Huzuia kujaza mapipa, kuzima moto wa kijiji kizima, na mabishano ya sakafu iliyolowa na radi.

Sasa hesabu. Kiwango cha ugumu ni namba ambayo dadu ya pande 20 pamoja na kirekebishi lazima ifikie ili mtu ajiokoe. Ngazi ya 3, mwenye haiba ya 16, kiwango chake cha ugumu ni 8 + 2 (ya umahiri) + 3 (ya haiba) = 13. Adui mwenye +2 ya Nguvu atashindwa mara 10 kati ya 20. Mwenye +4, mara 8. Mganga dhaifu mwenye −1, mara 13. Nusu kwa nusu dhidi ya adui wa kawaida ndiyo shabaha. Ikizidi theluthi mbili kwa karibu kila adui, uwezo umekuwa amri.

Kwa kanuni za 2024 kuna jambo moja zaidi: Innate Sorcery, uwezo wa mchawi wa damu wa kuamsha uchawi wake wa asili, huongeza kiwango cha ugumu cha matabano kwa 1 kwa dakika nzima. Sema wazi kama Kujaa na Kupwa kunapata nyongeza hiyo. Ushauri wetu ni ndiyo, kwani huwashwa mara mbili tu kwa siku bila kulipa pointi.

Dalili ya kufaulu: mchezaji anaangalia ramani kabla ya kuchagua tabano.

## Hatua ya 6: Ngazi ya 6, Bamvua

Ngazi ya 6 huimarisha kile kilichopo. Usilete mchezo mpya.

Bamvua: mchawi anapata ukinzani dhidi ya baridi. Pia, anapotumia Kujaa na Kupwa, anaweza kulipa pointi 1 kabla ya mrusho. Akilipa, umbali unakuwa futi 20 na anachagua mwelekeo, kusukuma au kuvuta, bila kujali maji yako wapi. Kiumbe akigonga ukuta au kiumbe mwingine, anapata madhara ya kupondwa ya dadu 1 ya pande 6 kwa kila futi 10 kamili alizobakiza. Asipobakiza futi 10 kamili, haumii.

Kipimo cha dadu 1 kwa futi 10 kimetoka kwenye kanuni ya kuanguka, hivyo msimamizi anakijua tayari. Kiwango cha juu ni dadu 2, wastani 7. Tawi la joka huongeza kirekebishi cha haiba, kati ya 3 na 5, kwenye madhara bila kulipa chochote, kwa hiyo 7 kwa pointi moja, kwa mtu aliyesimama ukutani, iko ndani ya mizani.

Tatizo litakalojitokeza ni ukingo wa jabali. Futi 20 humtupa adui nje ya mnara, na jabali la futi 60 ni dadu 6, wastani 21. Mpe anayefikia ukingo mrusho wa Wepesi: akifaulu, anaanguka kifudifudi ukingoni. Bila mrusho huo, msimamizi ataacha kuweka majabali kwenye ramani, na mchezo utakosa kitu kizuri.

## Hatua ya 7: Ngazi za 14 na 18

Mwili wa Maji (14). Kwa tendo la ziada, kwa dakika 1: ukinzani dhidi ya kupondwa, kuchomwa kwa ncha na kukatwa, kupenya mwanya wa upana wa inchi 1, na mwendo usiowapa maadui nafasi ya kumpiga anapoondoka. Mara moja bure kwa kila mapumziko marefu, kisha pointi 3 kila mara. Andika kwamba alivyovaa na kubeba vinageuka pamoja naye, la sivyo mtu atauliza upanga umebaki upande gani wa mlango. Mpe udhaifu mmoja: akipata madhara yoyote ya baridi akiwa katika hali hii, mwendo wake unakuwa nusu hadi mwisho wa zamu yake ijayo, hata kama ukinzani umeyapunguza.

Gharika (18). Kwa tendo moja na pointi 5, maji yanamzunguka kwa futi 30 kwa dakika 1. Ardhi hiyo ni ngumu kupita kwa maadui. Mwanzoni mwa kila zamu yake anachagua viumbe wasiozidi 3 ndani yake, na kila atakayeshindwa mrusho wa Nguvu anasogezwa futi 10 upande wowote wa usawa wa ardhi. Haihitaji umakini, na inaisha akizimia.

Kikomo cha viumbe 3 kinalinda muda. Toleo la "kila kiumbe aliyemo" lina haki kihesabu, lakini zamu moja huchukua dakika nyingi na meza nzima inasinzia.

## Hatua ya 8: Jaribu mezani

Cheza mapambano matatu, yaleyale, kwa ngazi za 3 na 6. Pambano moja halitoshi.

1. Chumba kikavu, miraba 8 kwa 8, nguzo mbili, maadui wanne. Hapa unapima kama tawi linaishi bila tone la maji.
2. Daraja jembamba la miraba 2 juu ya shimo la futi 30. Hapa unapima ukingo.
3. Chini ya maji kabisa. Hapa unapima wenzake. Kila kilichozama chote kina ukinzani dhidi ya moto, na silaha za kurusha hukosa kabisa nje ya masafa yao ya kawaida. Mchawi wako asiwe pekee anayefurahia.

Andika mambo matatu: Kujaa na Kupwa kumetumika mara ngapi, mara ngapi kumefaulu, na zamu ya mchawi imechukua sekunde ngapi.

Namna ya kusoma majibu:

- Umetumika chini ya mara 2 katika chumba kikavu: futi 30 za kuchagulia ni chache kwa ramani zenu. Panua hadi 60 kabla ya kugusa kitu kingine.
- Umetumika kila raundi lakini hakuna kilichobadilika ramani: mapambano yako hayana nguzo, mashimo wala milango. Rekebisha ramani, liache tawi.
- Zamu inapita sekunde 90: mchezaji hajui maji yako wapi. Angalia kama sarafu iko mezani.
- Adui mmoja ametupwa darajani na pambano likaisha: mrusho wa Wepesi wa ukingoni umesahaulika, au shimo ni refu kupita kiasi kwa ngazi hiyo.
- Pointi zote zimeishia kwenye Bamvua na metamajiki (uwezo wa kubadilisha matabano kwa kulipa pointi) haijaguswa: pandisha gharama hadi pointi 2, au rudisha umbali futi 15. Usifanye yote mawili kwa pamoja, hutajua kipi kimeponya.

Badilisha namba moja kwa kila jaribio, kisha rudia pambano lilelile kwa maadui walewale. Maneno ya kanuni yaguse tu pale watu wawili waliposoma kishazi kimoja na kukielewa tofauti.